Sodiamu Haitoi Sadaka



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu wapenzi, kila mwaka katika jarida hili nafasi yetu huwa ni ya kuwanasihi wanafunzi. Safari hii tumeona tuanze kwa kujinasihi wenyewe, kwa sababu kosa ni letu sisi walimu, na walioilipa gharama yake ni wanafunzi. Kosa lenyewe linahusu chumvi.

Wengi wenu mtaukumbuka mfano tuliozoea kuutoa kila ilipofika darsa ya sadaka. Tulikuwa tukisema: Tazameni metali iitwayo sodiamu. Katika mzingo wake wa nje ina elektroni moja tu. Haifanyi ubakhili nayo, bali humpa jirani yake klorini, aliyepungukiwa na moja. Mtoaji anatulia, mpokeaji anatulia, na katika utoaji huo inapatikana chumvi inayokoleza chakula cha watu wote. Ikiwa kitu kisicho na roho kinatoa kwa furaha, basi wewe mwenye sarafu mfukoni unangoja nini? Mfano ulipendeza sana. Watoto walicheka, sarafu zililia kwenye sanduku, nasi tukarudi nyumbani tukijiona tumesema neno. Tuliurudia miaka mitatu.

Siku moja baada ya sala ya alasiri alitujia binti mmoja wa kidato cha tatu, asubuhi husoma skuli na jioni huja madrasa. Alishika karatasi yake ya mtihani wa kemia. Swali lilikuwa: atomu ya sodiamu iliyo peke yake inapopoteza elektroni yake ya nje, nishati inatoka au inahitajika? Eleza sababu. Yeye alijibu kuwa nishati inatoka, kwa sababu atomu inataka kutoa na inapata raha ikishatoa. Alipewa sifuri, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: nani kakufundisha hivi?

"Maalim," alisema akiwa ameinamisha kichwa, "nimeandika kama ulivyotufundisha."

Hakuwa akilalamika. Laiti angelalamika ingekuwa nyepesi kwetu. Tulimwambia ule ulikuwa mfano tu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu kabisa: "Na ile nisabu ya zaka uliyotufundisha wiki ile ile, Maalim, nayo niende nikaiulize kwingine?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto hana sanduku mbili kichwani, moja ya maneno ya ustadhi yaliyo ya kweli na nyingine ya maneno ya ustadhi yaliyo ya kupendezesha darsa. Ana sanduku moja. Tukitia humo neno bovu, yale mazima yaliyomo nayo hutiwa shaka.

Sisi tumesoma stashahada ya masomo ya Kiislamu, na kemia tuliiacha tulipomaliza sekondari. Ikatubidi tumwendee yule mwalimu wa kemia mwenye wino mwekundu, ambaye kumbe husali nasi safu ya pili. Alitupokea vizuri, akaigeuza karatasi ya binti nyuma, akaanza kutuandikia hesabu. Tunayaeleza hapa tuliyoyapata kwake na katika vitabu alivyotuazima, kwa sababu tunaamini ukweli wenyewe una mazingatio mengi kuliko ngano tuliyoitunga.

Atomu ya sodiamu ina kiini chenye protoni 11, zenye chaji chanya. Kukizunguka kiini kuna elektroni 11 zenye chaji hasi: mbili katika mzingo wa ndani kabisa, nane katika unaofuata, na moja nje peke yake. Chanya na hasi huvutana. Kwa hiyo ile elektroni ya nje inavutwa na kiini chake, ila iko mbali, na zile kumi za ndani zimekaa katikati kama pazia na kupunguza sehemu kubwa ya mvuto. Imeshikwa, lakini si kwa nguvu nyingi. Hapo ndipo tulipoteleza. Kilichoshikwa kwa nguvu ndogo tulikisema kinatolewa kwa hiari. Si hivyo. Kamba hata ikiwa nyembamba bado ni kamba, na lazima apatikane wa kuikata.

Wataalamu wamepima nguvu ya kuikata. Ukichukua gramu 23 za sodiamu zikiwa mvuke, atomu moja moja, kuiondoa elektroni moja ya nje katika kila atomu kunahitaji kilojuli 496. Nishati hiyo inaingia, haitoki. Sodiamu haijapata kuwa na hamu ya kutoa.

"Sasa mbona chumvi inapotengenezwa moto unawaka?" tulimuuliza, kwani tulikumbuka kuwa sodiamu ikikutana na klorini hutoa joto kali na mwanga wa manjano. Akacheka, akasema tufanye kama mwenye duka anavyofunga hesabu jioni: asitazame bidhaa moja, atazame daftari zima.

Basi tulifunga daftari. Gramu 23 za sodiamu na gramu 35.5 za klorini hutoa gramu 58.5 za chumvi, kama vijiko vikubwa vitatu. Sodiamu huanza ikiwa kipande kigumu. Kuzitenganisha atomu zake ziwe moja moja kunagharimu kilojuli 107. Klorini nayo ni gesi ambayo atomu zake hukaa mbili mbili. Kuzitenganisha kunagharimu 122. Kuitoa elektroni ya sodiamu, kama tulivyosema, ni 496. Mpaka hapo umeshatumia 725 na hujaingiza hata senti. Klorini inapoipokea ile elektroni, inarudisha 349. Bado unadaiwa 376. Hebu zingatieni hapa, maana hapa ndipo ngano yetu inapovunjika kabisa: utoaji na upokeaji, ukiwa peke yao, ni hasara. Lau kisa cha sodiamu na klorini kingekuwa ni cha mtoaji na mpokeaji basi, chumvi isingekuwepo duniani.

Kinacholipa deni ni jambo ambalo katika darsa zetu hatukulitaja hata mara moja. Sodiamu iliyoondokewa na elektroni sasa ina protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya moja. Klorini iliyopokea ina hasi moja. Hizi ndizo ziitwazo ioni. Nazo zinavutana na kujipanga safu kwa safu, kila ya sodiamu ikizungukwa na sita za klorini na kila ya klorini ikizungukwa na sita za sodiamu, juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Katika kujipanga huko hutoka kilojuli 787. Ondoa deni la 376, zinabaki 411. Hizo zinatosha kuchukua zaidi ya lita moja ya maji ya kawaida ya mtungini na kuyafanya yatokote. Ndiyo ule moto tunaouona.

Kwa hiyo chembe ya chumvi mnayoishika kwa vidole imesimama kwa mpangilio wa safu na mvutano wake. Hakuna aliyempa mwenziwe zawadi. (Mmoja wetu, aliposikia habari za safu, alianza pale pale kutunga mfano mpya wa safu za sala. Tulimzuia.)

Jambo jingine lililotushangaza ni kwa nini sodiamu hupoteza moja tu na haiendelei. Sisi tulikuwa na jibu tayari, tena la kidini: imetosheka, ina qanaa. Mwalimu akatuonyesha tarakimu. Elektroni ya kwanza ni 496. Ya pili ni 4,562, zaidi ya mara tisa. Sababu ni kwamba hiyo ya pili haimo tena katika mzingo wa nje. Imo ndani, karibu na kiini, na pazia la kuikinga ni dogo. Hakuna mvutano wa safu unaoweza kulilipa deni la namna hiyo. Magnesiamu ina mbili nje, nayo hupoteza mbili: 738, kisha 1,451, ya tatu inaruka mpaka 7,733, na hapo inakoma. Alumini hupoteza tatu. Ukiangalia pale tarakimu inaporuka, unajua mizingo imepangwa vipi bila ya kuiona kwa jicho. Walioijua siri hii hawakuipata kwa kuangalia atomu. Waliipata kwa kupima gharama. Sisi tulikaa tukisimulia moyo wa sodiamu, kumbe kulikuwa na milango ya kufungua.

Ioni si atomu ile ile iliyobadilishiwa jina, na hili wazazi nao walishike, kwa sababu tumewahi kuulizwa kama kweli chumvi ya jikoni ina sumu ndani yake. Sodiamu yenyewe ni laini hata hukatwa kwa kisu, huhifadhiwa ndani ya mafuta, na ikiguswa na maji hulipuka. Klorini yenyewe ni gesi ya sumu. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia ikachukuliwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya maadui zao, ikaua watu wengi. Lakini tunapokula chumvi tunakula ioni, na tofauti ya elektroni moja imeigeuza tabia yote. Maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mtoto mwenye kuharisha yanafanya kazi kwa sababu ya ioni hizo. Metali ingemuunguza mdomo.

Kuirudisha elektroni nako hakuji bure. Mwaka 1807 huko London, Humphry Davy aliyayeyusha magadi makali na kuyapitishia umeme wa betri kubwa, na ndipo sodiamu ilipoonekana kwa mara ya kwanza ikiwa metali. Umeme ule ulikuwa unalilipa lile deni kwa kurudi kinyume. Jina la ioni lilikuja baadaye, mwaka 1834, katika maandishi ya Michael Faraday, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kwenda. Na elektroni yenyewe ilithibitishwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Wanafunzi wetu wa Kiarabu watafurahi kujua kuwa alama ya sodiamu katika vitabu vyao vya skuli, Na, inatokana na natrium, jina lenye nasaba na natruni ya Waarabu, ndiyo magadi. Na ziwa letu la Natron kule kaskazini mwa Tanzania limebeba jina hilo hilo. Neno alkali pia ni al-qali, majivu ya mimea. Mama zenu wanapotia magadi kwenye maharagwe wanatia ioni za sodiamu sufuriani.

Turudi kwenye kosa letu. Tulipowaambia wenzetu kuwa tumeuacha ule mfano, baadhi hawakukubali. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema: mfano ni mfano, nia ilikuwa kheri, watoto walitoa sadaka, na kwani Qur'ani haikupiga mifano? Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye.

Qur'ani imepiga mifano mingi, nayo tunawafundisha. Ila tazameni mifano hiyo: ya punje na mashuke, ya nyumba ya buibui, ya mvua juu ya jabali lenye udongo. Kila mmoja ni wa kweli kwa kitu chenyewe kabla haujawa wa kweli kwa mwanadamu. Mkulima anaijua punje. Aliyegusa utando wa buibui anajua udhaifu wake. Mfano wa anayetoa ulikwisha kupigwa kwa punje, na ulitosha. Sisi ndio tuliotaka kuongeza wa kwetu wa kisasa ili tuonekane tunajua sayansi.

Wapo pia waliotuambia kwamba kila kitu kinamtukuza Mola wake, hivyo hatukukosea kuipa sodiamu nia njema. Kwamba kila kitu kinamtukuza Mola wake ni itikadi yetu na hatuiachi. Lakini itikadi hiyo hiyo inatufundisha kwamba namna ya kutukuza huko hatuifahamu. Basi vipi sisi tukaifahamu ya sodiamu, tena tukasema ni sadaka?

Na kuhusu nia ya kheri, jibu limo katika somo tunalolisomesha wenyewe darasa la juu. Wanafunzi wa mustalah wanajua kuwa miongoni mwa waliotunga hadithi za uongo walikuwemo wachamungu, watu wa ibada, waliotunga fadhila za sura ili watu wapende kusoma Qur'ani. Maulamaa wa hadithi hawakuwapokea kwa sababu ya nia zao. Waliwahesabu kuwa ni wenye madhara makubwa zaidi, kwa vile watu huwaamini. Tunalisomesha hilo saa kumi jioni, kisha baada ya magharibi tunasimama kumsingizia sodiamu! Uongo juu ya Mtume (S.A.W.) haufanani kabisa na uongo juu ya metali, na hatuvilinganishi kwa uzito. Lakini tabia ni moja: kupenda athari ya neno kuliko usahihi wake.

Tabia hiyo ina ndugu zake. Kuna maneno yaliyoenea katika kanda na vijitabu, na sasa yanasambazwa kwenye simu, kuwa Surat al-Hadid, iliyotajwa ndani yake chuma, ni ya 57 kwa sababu chuma kina namba 57. Tulipenda sana maneno haya, na tumewahi kuyasema juu ya mimbari. Ukweli ni kuwa chuma cha asili kina aina nne za atomu, zenye uzito wa 54, 56, 57 na 58. Iliyo nyingi mno ni ya 56, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Ya 57 ni kama sehemu mbili tu. Anayeokota ile ya 57 na kuziacha nyingine, anaweza kuokota chochote kwa hoja yoyote. Sura ile ni tukufu bila ya hesabu hiyo, na imani ya mtoto aliyeitundika juu ya hesabu hiyo itakuwa wapi siku atakapofika kidato cha tano akakutana na tarakimu kamili?

Waliotutangulia hawakuwa hivi. Katika zama zao ndoto kubwa ilikuwa kuigeuza risasi iwe dhahabu, na wafalme walikuwa tayari kuilipia. Ibn Sina alisema wazi kuwa watu wa kimia wanaweza kuipaka metali rangi ya dhahabu, lakini hawaigeuzi asili yake. Ibn Khaldun naye aliandika mlango mzima katika Muqaddima kuipinga kazi hiyo. Al-Biruni alikaa na mizani na maji, akapima uzito wa metali na vito kimoja kimoja. Mizani ile ndiyo tunayoitamani irudi katika madrasa zetu.

Tena mizani ina faida hata katika fiqhi. Tulipokuwa tukiandika makala haya tulitaka kueleza kwa nini dhahabu haipati kutu, kwa vile mlango wa zaka unaitaja: nisabu yake dinari 20, takriban gramu 85. Tukaandika kwamba dhahabu imeshika elektroni zake kwa nguvu kuliko metali nyingine. Yule mwalimu wa kemia akatukatia mstari tena. Dhahabu ni 890, alisema, na zinki ni 906. Kama sababu ingekuwa hiyo peke yake, zinki ingekuwa bora kuliko dhahabu, na paa la madrasa lingekuwa hazina! Ikabidi turudi kwenye daftari zima. Atomu za dhahabu zimeshikana zenyewe kwa zenyewe: kuzitenganisha kunagharimu 368, na za zinki ni 130 tu. Pia zinki ikishapoteza elektroni zake mbili inakuwa ioni ndogo yenye chaji mbili, maji yanaizunguka na kurudisha nishati nyingi mno. Dhahabu haipati malipo ya namna hiyo. Ndiyo maana zinki huliwa na dhahabu husalia. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iliibuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za zama za Fatimiyya. Karne zote hizo ardhini, na dhahabu ingali dhahabu.

Na zinki kuliwa ni faida kwetu. Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Hapa pwani upepo una chumvi, na unyevu wenye chumvi huharakisha safari ya elektroni kutoka kwenye chuma kwenda kwa oksijeni. Atomu za chuma zinabaki ioni, zinaungana na oksijeni na maji, na tunapata ile kutu nyekundu inayobanduka magamba na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Zinki ikiwepo, elektroni hutoka kwenye zinki kwanza, hata pale bati lilipokatwa kwa mkasi na chuma kikabaki wazi ukingoni. Wanafunzi waliopanda juu mwaka huu kusafisha mfereji wa maji wameliona jambo hili kwa macho: kingo za mabati zina unga mweupe, ilhali misumari ya kawaida iliyopigiliwa na fundi imekwisha kuwa mekundu na matundu yameanza kuvuja. Kamati ya ujenzi imeelezwa, na misumari iliyopakwa zinki itanunuliwa Insha Allah.

Tuliwasahihisha wanafunzi katika darsa ile ile ya sadaka, mbele ya wale wale waliosikia kosa. Mzazi mmoja alitujia baadaye akasema ustadhi anayejikosoa mbele ya watoto anajivunjia haiba. Inawezekana. Lakini binti yule alikuwa amekaa mbele, na tuliona ameanza tena kuandika katika daftari lake la fiqhi, jambo ambalo kwa wiki kadhaa alikuwa ameliacha. Kwetu haiba tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa hiyo.

Tumekubaliana pia, sisi walimu wa madrasa hii, kwamba mfano wowote wa sayansi hautatolewa darasani mpaka aulizwe kwanza mwenye kuijua. Yule mwalimu wa kemia ameridhia kutujia kila Alhamisi baada ya isha, na tayari ametufutia mifano miwili ya sumaku na mmoja wa nyuki.

Wiki iliyopita kijana wa darasa la nne alinyoosha mkono. Ana pete ya fedha ya babu yake, imekuwa nyeusi. Amesoma kuwa weusi ule ni fedha iliyopoteza elektroni kwa salfa iliyomo hewani. Anauliza: fedha ya zaka ikishakuwa nyeusi, inapimwa na weusi wake au inasafishwa kwanza? Kwani salfa iliyoongezeka inazidisha uzito, na kuisugua kunaiondoa na fedha kidogo. Tulikuwa na jibu la haraka kinywani. Tumemwambia tutauliza kwanza, kwa sheikh na kwa mwalimu wa kemia, na Alhamisi ijayo tutamjibu Insha Allah.

Wabillahi Tawfiq.